Virusi vinavyoishia barazani: chanjo hai ya homa ya mafua hutengenezwaje?

Wifi yangu anaishi Leicester, Uingereza, na kila shule zinapofunguliwa mwezi wa tisa huwa ana la kuniuliza. Safari hii alinitumia picha ya fomu ya chanjo aliyoletewa na mwanawe kutoka shuleni, na chini yake ujumbe wa sauti wa dakika tatu. "Wifi, hebu nisomee hii. Wanataka kumpulizia mtoto virusi puani, na wenyewe wameandika kabisa kwamba ni virusi hai. Hai, wifi! Si ndiyo kumwambukiza huko?" Sijawahi hata kujibu, sauti ile ikawa imeshafika kwenye kundi la familia, Leicester hadi Tanga hadi Muscat, na majibu yanamiminika. Mmoja anasema virusi hivyo vimechemshwa kidogo. Mwingine anasema vimezimuliwa kwa maji. Wa tatu, huyu ndiye aliyetisha wengi, akasema vimelazwa usingizi tu, na siku moja vitaamka.

Yote matatu si kweli, na siwalaumu waliosema. Fomu ile ilitumia maneno "virusi hai vilivyodhoofishwa" bila kueleza nani alividhoofisha, kwa njia gani, wala kwa nini udhaifu wenyewe haupoi kama mgonjwa anavyopoa. Hayo ndiyo nitakayoyaeleza hapa.

Kwanza jina la ugonjwa, maana hapo napo tunachanganyana. Kenya mtu akisema "nina homa", mara nyingi anamaanisha kamasi na chafya. Tanzania homa ni joto la mwili, na kamasi na chafya ndiyo mafua. Mafua hayo ya kawaida huletwa na virusi vya aina nyingi sana, na mengi hupita bila kumlaza mtu. Ugonjwa wa kwenye fomu ile ni mwingine: ni influenza, ambayo hapa nitaiita homa ya mafua, na ina kirusi chake maalumu. Joto hupanda ghafla, viungo huuma kana kwamba mtu amepigwa, na kwa mtoto mchanga, mzee, mjamzito au mwenye maradhi ya moyo inaweza kugeuka nimonia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa matatizo ya kupumua yatokanayo nayo huua watu kati ya 290,000 na 650,000 kila mwaka. Ulaya huja majira ya baridi. Kwetu huzunguka karibu mwaka mzima, na pengine ndiyo maana hatuitambui kwa jina: tunapima malaria, isipoonekana tunaambiwa ni homa tu, tunarudi nyumbani na panadol.

Chanjo zake ni za namna mbili. Ya kwanza tuiite chanjo mfu: virusi vimeuawa kwa kemikali, au vimechukuliwa vipande vyake tu, na hudungwa kwa sindano. Ya pili ni chanjo hai: virusi vina uwezo wa kuzaana mwilini, lakini vimebadilishwa visiweze kuleta ugonjwa wenyewe. Hii hupulizwa puani, mililita 0.1 kila tundu.

Neno "hai" ndilo lililomshtua wifi. Lakini yeye mwenyewe alipewa chanjo hai akiwa kichanga. Kovu lililo begani mwake ni la BCG, chanjo ya kifua kikuu yenye bakteria hai. Matone ya polio aliyodondoshewa mdomoni yalikuwa na virusi hai. Sindano ya surua, hai. Homa ya manjano aliyochanjwa ili apate ile kadi ya njano ya safari, hai. Tumezizoea kwa sababu hakuna aliyetuandikia neno hilo kwenye fomu.

Udhaifu wa kurithi

Ukizimua kitu kwa maji, kilichomo ni kilekile, kimepungua idadi tu. Kirusi kimoja chenye nguvu zake kamili, kikipata mtu wa kumwingia, kitazaana kifike mamilioni. Ukikichemsha unakiua, na hapo si chanjo hai tena. Na kirusi cha homa ya mafua hakilali wala hakichoki. Udhaifu unaozungumzwa kwenye chanjo hizi uko kwenye jeni, yaani kwenye maagizo ambayo kirusi hurithisha watoto wake. Mzazi ni dhaifu, watoto ni dhaifu, vitukuu ni dhaifu.

Udhaifu wa namna hii hupatikana kwa kulea ugenini. Mfano ulio wazi kuliko yote ni hiyo BCG. Mwaka 1908, katika mji wa Lille, Ufaransa, Albert Calmette na Camille Guérin walichukua bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe wakaanza kuwalea juu ya vipande vya viazi vilivyopikwa kwa nyongo ya ng'ombe na gliserini. Kila baada ya wiki chache waliwahamishia kwenye kiazi kipya. Vita Kuu ya Kwanza ikaja, Lille ikakaliwa na majeshi ya Ujerumani, wao wakaendelea kuhamisha. Kufikia mwaka 1921 walikuwa wamehamisha mara 230, kwa miaka 13, na bakteria wale hawakuweza tena kumpa mnyama kifua kikuu.

Kiumbe kinapozaana hunakili jeni zake, na katika kunakili hutokea makosa. Mwilini mwa ng'ombe, kosa linaloharibu uwezo wa kushambulia mapafu lingemgharimu bakteria maisha. Juu ya kiazi halimgharimu chochote, kwa sababu kiazi hakina mapafu. Basi makosa ya namna hiyo yanabaki, yanarithishwa, yanarundikana. Ni kama familia iliyohamia nchi ya mbali: babu alikijua Kidigo, baba anakisikia lakini hakisemi, mjukuu hana hata neno. Mjukuu huyo si mgonjwa wala hajachoka. Lugha imemtoka, na kumrudisha Kwale kwa siku tano hakutamfanya akiseme.

Kirusi kinachobadilisha vazi

Kwa homa ya mafua njia hii ilikwama kwenye jambo moja. Kirusi cha surua cha leo kinatambulika vizuri na kinga iliyojengwa kwa chanjo ya miaka ya 1960. Cha homa ya mafua hakitulii hivyo. Juu ya ganda lake kuna protini mbili, kwa ufupi H na N, ambazo ndizo zinazounda majina kama H1N1 na H3N2. Kinga ya mwili hukitambua kwa kutazama hizo. Nazo hubadilika mwaka hadi mwaka, ndiyo maana chanjo ya mwaka juzi huenda isikufae mwaka huu. Ukitumia miaka 13 kulea kirusi ugenini, siku unayomaliza umepata chanjo ya ugonjwa uliokwisha kuvaa vazi jingine.

Waliokitafuta kirusi hiki walijua tangu mwanzo kwamba hakichezewi. Mwaka 1933 Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw walifanikiwa kukipata kutoka kwa binadamu, jijini London, kwa kuwaambukiza fereti, mnyama wa jamii ya kicheche ambaye hupata homa ya mafua kama sisi. Husimuliwa kwamba fereti mmoja alimpigia Smith chafya usoni, naye akaugua. Kirusi kilichotolewa kwake kikapewa herufi za jina lake, WS, na kikatumika kwenye maabara nyingi kwa miaka. Muongo huohuo, huko Leningrad, Urusi, Anatoly Smorodintsev alikuwa tayari anajaribu chanjo hai kwa watu.

Ufumbuzi uliodumu ulikuja kwa kugawa kazi mara mbili: dhoofisha kirusi kimoja vizuri, mara moja tu, kisha kila mwaka kivishe vazi jipya.

Kazi ya kwanza, ile ya kudhoofisha, ilifanywa na pande mbili zilizo mbali na zisizofanya kazi pamoja, tena kwa wazo lilelile la baridi. Nchini Marekani, katika Chuo Kikuu cha Michigan, alikuwa Hunein Maassab, mzaliwa wa Damascus, Syria, aliyekwenda huko kusoma. Alichukua kirusi kilichopatikana mjini Ann Arbor mwaka 1960 akakilea kwenye seli za figo za vifaranga, akishusha joto hatua kwa hatua mpaka kikaweza kustawi kwenye nyuzi 25. Leningrad nako, katika Taasisi ya Tiba ya Majaribio, kirusi cha mlipuko wa mwaka 1957 kililelewa ndani ya mayai ya kuku kwenye nyuzi hizohizo 25. Virusi hivyo bado vinatumika hadi leo na majina yake ni kama anwani: A/Ann Arbor/6/60, yaani aina A, mji, namba ya sampuli, mwaka. Cha Urusi kinaitwa A/Leningrad/134/17/57, na hiyo 17 ni idadi ya mara kilivyohamishwa kwenye baridi. Aina B ya kirusi hiki nayo ina wazazi wake, yaani virusi dhaifu vya kutengenezea chanjo, mmoja kila upande.

Maassab alichapisha matokeo yake mwaka 1967. Chanjo yenyewe, FluMist, ilipata kibali Marekani mwaka 2003. Zaidi ya miaka 40 tangu kile kirusi kitolewe kooni mwa mgonjwa wa Ann Arbor! Nalitaja hili kwa sababu kwenye kundi letu kuna aliyesema "hizi chanjo wanazitengeneza harakaharaka tu".

Kwa nini baridi

Wakulima wa huku wanalijua jambo hili kwa njia yao. Mbegu ya mahindi ya nyanda za juu, inayozaa vizuri Kitale au Mbeya, ukiipanda Kilifi itakuaibisha. Ndiyo maana watafiti wa Kenya walitoa mbegu maalumu ya Pwani. Kilichozoea baridi kizazi kwa kizazi hulipa gharama yake kwenye joto.

Sasa tazama mwili wako kama nyumba ya Kiswahili. Pua ni baraza: hewa ya nje inapita, joto ni kama nyuzi 33. Mapafu ni vyumba vya ndani, nyuzi 37. Homa ya mafua ya kweli hupokelewa barazani ikajilazimisha mpaka ndani, na ni ndani inakoua. Kirusi kilicholelewa kwenye nyuzi 25 kinaliweza baraza. Kitakaa hapo siku chache, kitazaana kidogo, wenye nyumba, yaani kinga ya mwili, watakiona, watakisoma sura na kuitia akilini. Kikijaribu kupita ndani, kadiri joto linavyopanda ndivyo kinavyozidi kushindwa. Wazazi wa aina A wa Ann Arbor hukwama kwenye nyuzi 39, ambayo ni joto la mtu mwenye homa. Wa aina B ni dhaifu zaidi, hukwama kwenye nyuzi 37.

Hapo ndipo penye faida ya chanjo hai, ambayo sindano haiipati kwa namna hiyo. Sindano hujenga hasa kingamwili za kwenye damu, ambazo ni walinzi wa ndani. Kirusi kilichokaa barazani hufundisha pia kinga ya utando wa pua yenyewe, mahali adui anapoanzia. Na mtoto hachomwi, jambo ambalo muuguzi anayechanja watoto 200 kwa siku moja shuleni atakwambia si dogo.

Chasisi ya zamani, bodi ya mwaka huu

Jeni za kirusi cha homa ya mafua hazikuandikwa kwenye uzi mmoja mrefu. Ni vipande vinane vilivyoachana. Viwili ni vya H na N, ambalo ndilo vazi. Sita vilivyobaki ni mitambo ya ndani, ya kunakili na kuzaana. Na udhaifu uliopatikana kwa baridi umekaa kwenye mitambo hiyo, haumo kwenye vazi.

Anayejua matatu au daladala zinavyoundwa ameshaelewa. Chasisi na injini ni vya lori lililoagizwa; bodi huundwa na mafundi wa hapa, na hubadilika kila mtindo unapobadilika. Abiria na trafiki wote wanaitambua gari kwa bodi. Basi chanjo hii ni injini dhaifu ya mwaka 1957 au 1960 iliyovishwa bodi ya kirusi kinachotamba mwaka huu. Kinga ya mwili husoma bodi; injini ndiyo inayohakikisha gari halifiki mbali.

Vazi la mwaka huchaguliwa na wataalamu wanaoitishwa na Shirika la Afya Duniani mara mbili kwa mwaka: Februari kwa ajili ya majira ya baridi ya kaskazini, Septemba kwa ajili ya kusini. Huangalia virusi vilivyokusanywa na maabara za nchi nyingi, za kwetu zikiwemo, na kukisia vitakavyotamba. Kisha kazi ya kuvisha huanza.

Njia ya zamani ilikuwa hivi, na mimi bado naiona ya ajabu. Unachukua yai la kuku lenye kiinitete, unalitia virusi viwili kwa pamoja: mzazi dhaifu na kirusi kikali cha mwaka. Vyote viwili vikiingia seli moja, vipande vinane vya kila kimoja vinachanganyika kama karata, na watoto wanaotoka wanaweza kuwa na michanganyiko 256. Unayemtaka ni mmoja tu, mwenye mitambo sita ya mzazi dhaifu na vazi la kirusi cha mwaka. Utampataje? Kwa vichungio viwili. Unawalea wote kwenye nyuzi 25, na wenye mitambo ya kirusi kikali wanashindwa baridi. Kisha unawatia kingamwili zinazolikamata vazi la zamani, na wenye vazi hilo wanaondolewa. Anayepita vichungio vyote viwili ana mitambo ya baridi na vazi jipya. Hapo bado jeni zake husomwa kipande kwa kipande, na hujaribiwa kwa fereti kuthibitisha kwamba mapafu yao yanabaki salama.

Kuanzia mwisho wa miaka ya 1990 ilipatikana njia ya mkato. Kila kipande cha jeni huundwa peke yake maabara, kisha vile vinane vinavyotakiwa huingizwa kwenye seli, nayo hutoa kirusi kilekile kilichoagizwa bila kubahatisha. Baada ya hapo kinarudi kwenye mayai, safari hii mayai mengi mno, ya kuku wanaofugwa mahali wasipopata maradhi, kwa ajili ya kuzalisha chanjo.

"Haviwezi kurudia ukali wao?"

Hili ni swali la haki kabisa, na anayelidharau hajasoma historia ya polio. Matone ya polio yana virusi hai, na mahali ambapo watoto wengi hawajachanjwa, virusi hivyo vimewahi kupita kutoka mtoto hadi mtoto kwa miezi mingi, vikarudisha uwezo wa kupoozesha. Mwaka 2023 Burundi ilitangaza mlipuko wa polio ya namna hiyo. Si uzushi wa mtandaoni. Basi kwa nini niwe na amani na chanjo ya puani?

Tofauti ya kwanza ni idadi ya kufuli. Virusi vya matone ya awali ya polio, hasa vya aina ya pili, vilidhoofishwa na mabadiliko machache yenye uzito, na kupoteza hata moja kulikisogeza kirusi karibu na ukali. Kirusi cha Ann Arbor kina angalau mabadiliko matano yanayokifanya kishindwe joto, tena yamegawanyika kwenye vipande vitatu tofauti vya jeni. Kufuli moja likifunguka kwa bahati, mengine yanashika. Ili yote yafunguke kwa pamoja ndani ya siku chache kinazokaa puani, inahitajika bahati ambayo haijawahi kuonekana.

Tofauti ya pili ni muda na njia. Kirusi cha polio hukaa tumboni wiki kadhaa na kutoka kwa wingi chooni. Hiki hukaa siku chache na hutoka kidogo. Kuna utafiti uliofanywa Finland kwenye vituo vya kulelea watoto wadogo, watoto 197, nusu wamepewa chanjo na nusu kipulizo kisicho na virusi. Wengi wa waliochanjwa walionekana na virusi vya chanjo puani. Kati ya ambao hawakuchanjwa, mmoja tu alithibitika kukipata kirusi kutoka kwa mwenzake, na kilipochunguzwa kilikuwa bado dhaifu vilevile, hakijarudisha kitu.

Nisiufiche upande wa pili. Mwaka 1977 homa ya H1N1 iliibuka tena Uchina na Urusi ikazunguka dunia, na kirusi chake kilifanana mno na vya mwaka 1950 hivi, kana kwamba kilihifadhiwa kwenye friji miaka yote ile. Wanasayansi wengi wanaamini kilitoka maabara au kwenye majaribio ya chanjo. Hakikuwa hiki cha baridi tunachokizungumzia, lakini ni sababu ya kweli ya kutaka kila mzazi mpya wa chanjo achunguzwe mpaka kipande cha mwisho cha jeni kabla hajasogezwa karibu na pua ya mtoto.

Kudhoofisha kupita kiasi

Watu huogopa chanjo yenye nguvu mno. Tatizo lililowahi kuisumbua chanjo hii kwa kweli lilikuwa kinyume chake. Kirusi kisipozaana kabisa barazani, wenye nyumba hawakioni, na hakuna wanachojifunza. Anayetengeneza anatembea juu ya kamba: kizaane vya kutosha kufundisha, kisizaane vya kutosha kuumiza.

Marekani, baada ya misimu kadhaa, iligundulika kwamba FluMist haiwakingi watoto vizuri dhidi ya H1N1 iliyoanza mwaka 2009. Wakaacha kuipendekeza kwa misimu miwili, kuanzia ule wa mwaka 2016. Uchunguzi ulionyesha vazi lililochaguliwa halikuingia vizuri kwenye seli za pua za binadamu; kirusi kilikuwa dhaifu kuliko kilivyokusudiwa. Wakabadilisha vazi, wakachukua lililotoka kwenye kirusi cha Slovenia cha mwaka 2015, na chanjo ikarudi kwenye mapendekezo mwaka 2018. Uingereza na Finland hawakuiacha muda wote huo, maana takwimu zao zilionyesha bado inawafaa watoto wao.

Afrika nayo imo kwenye hadithi hii. Mwaka 2013 chanjo hai yenye mzazi wa Leningrad, iliyotengenezwa na Serum Institute ya India, ilijaribiwa kwa watoto wa chini ya miaka sita Bangladesh na Senegal. Bangladesh ilizuia zaidi ya nusu ya maambukizi ya virusi vilivyofanana na vya kwenye chanjo. Senegal haikuonyesha kinga. Chanjo ileile, mwaka uleule. H1N1 ilikuwa miongoni mwa virusi vilivyotamba Senegal msimu ule, na pengine ni ugonjwa uleule wa vazi uliowasumbua Wamarekani. Mazingira ya pua za watoto nayo yametajwa. Kwangu hili ndilo la kuumiza zaidi kuliko uvumi wote: chanjo rahisi kutolewa, isiyohitaji sindano, ambayo ingefaa sana vijijini kwetu, inahitaji kujaribiwa zaidi huku huku kwetu. Kwa sasa chanjo ya homa ya mafua haimo kwenye ratiba ya kawaida ya watoto Tanzania. Anayeitaka huipata kwa kulipia, na mara nyingi ni ya sindano, kama wanavyoshauriwa wanaokwenda Hija.

Kurudi kwenye fomu ya Leicester

Niliposomana na wifi fomu ile mstari kwa mstari, nilimwonyesha pa kutazama. Chanjo hai ya puani haipewi mtoto wa chini ya miaka miwili, wala mwenye kinga ya mwili iliyoshuka sana kwa maradhi au dawa, wala anayetumia aspirini mara kwa mara, wala mjamzito. Mwenye pumu kali, au aliyebanwa kifua siku chache zilizopita, amwambie muuguzi kwanza. Kamasi kidogo na joto kidogo baada ya kupulizwa ni jambo la kawaida, na ni hicho kirusi cha barazani kinaonekana na wenye nyumba. Akipata mafua mengine wiki ileile, na Oktoba Uingereza mafua yamejaa, hayo yalikuwa njiani tayari. Hapo ndipo panapozaliwa ile kauli ya "nilichanjwa nikaugua".

Kisha akaniuliza jambo ambalo halikuwa la sayansi, na lilikuwa na uzito kuliko yote kwake. Amesikia ina nguruwe. Nilimwambia ukweli: chanjo ya puani inayotumika Uingereza ina jelatini ya nguruwe, iliyowekwa kuvilinda virusi visiharibike. Wako wanazuoni wanaosema imekwisha kubadilika asili yake kwa istihala na inaruhusiwa, na wako wasiokubali. Hilo atalipima mwenyewe na anayemwamini. Ninachokijua ni kwamba mzazi anayekataa kwa sababu hiyo ana haki ya kuomba sindano isiyo na jelatini, bila malipo. Wengi wetu hawajui kwamba wanaweza kuomba, kwa hiyo wanaweka alama ya "hapana" na mtoto anabaki bila chochote. Wifi aliandika kwa mkono pembeni mwa fomu, anaomba sindano.

"Na mimi je?" akauliza mwishoni. "Mbona hii ya kupuliza hawatupi sisi watu wazima? Pua si ni ileile?"

Pua ni ileile, lakini baraza lake si lile la mtoto. Mtu mzima ameshakutana na homa ya mafua mara nyingi, na wenye nyumba wake ni wakali: kirusi dhaifu kikigusa tu kizingiti, kinga ya zamani inakimaliza kabla hakijazaana vya kutosha kufundisha kitu kipya. Mtoto wa miaka minne hana kumbukumbu hizo, kwa hiyo kirusi kinapata nafasi ya kukaa na kusomwa. Ndiyo maana Ulaya kibali cha chanjo ya puani kinaishia miaka 17, na ingawa Marekani wameifikisha miaka 49, Uingereza mtu mzima hupewa sindano. Wifi akacheka, akasema basi watakwenda yeye na mwanawe kliniki siku moja, wachomwe wote wawili.